Timu Aliyoachiwa Mama wa Vitenge

Nilifika Bwera, mji mdogo wa mpakani, nikiwa beki wa kati mwenye magoti mazima na viatu vya kuazima. Baba yangu alikuwa ametoka Kenya akiwa kijana, akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, akaoa Mkonzo, mwenyeji wa huko, akabaki. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha baba na Lhukonzo cha mama, na nadhani hilo ndilo lililonipa unahodha kuliko uchezaji wangu. Nusu ya wachezaji walitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, na kocha alitaka mtu wa kuwaelewa wote. Kocha mwenyewe alikuwa mwanajeshi mstaafu. Tulimwita afande, naye alituita kuruta hata tulipokuwa na watoto wanaosoma.

Mwenye timu alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Alikuwa na lori, ghala kando ya barabara ya kwenda Mpondwe, na ulimi mtamu. Kila Ijumaa alitukusanya uani kwake akatuambia pesa ziko njiani. Kuna nyakati zilikuwa njiani kweli. Kahawa ikipata bei tulilipwa sote na mbuzi akachinjwa. Bei ikianguka tulishiba maneno. Hatukumchukia. Alikuwa mtu wa kukushika bega na kukuuliza hali ya mama yako, na jina la mama yako analijua.

Mkewe, tuliyemwita Mama, ndiye hakutupenda, wala hakuficha. Alikuwa na kibanda cha vitenge kwenye soko la Mpondwe, mama mrefu asiyecheka ovyo na asiyepunguza bei ukimbembeleza. Siku za mechi tulikula kwake kabla ya kwenda uwanjani. Alitupikia bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa ziwani, akatupakulia bila kutuangalia usoni. Siku moja nilimsikia jikoni akimwambia mumewe, kwa Kiswahili kile cha mpakani anachouzia vitenge:

"Wewe unauza kahawa, mimi ninauza vitenge, na vyote vinakuliwa na batu ya kufukuza mupira."

Mzee akacheka. Sisi tuliokuwa nje tukaendelea kula, kwa sababu samaki alikuwa mzuri.

Kisha mzee akafa. Alianguka ghalani asubuhi moja akipima kahawa, na kabla hawajamfikisha hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Sisi wachezaji ndio tuliochimba kaburi na kubeba jeneza. Afande alitupanga mstari tukiwa na jezi, akatoa saluti ya kijeshi.

Matanga yalipokwisha, ligi ilikuwa bado inaendelea. Tulicheza mechi tatu bila mtu wa kutulipa, kwa nauli za kuchangiwa na watu wa stendi ya bodaboda. Ndipo alipotokea shemeji yake Mama, mdogo wa yule mzee aliyekufa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kasese. Alisema amempata mnunuzi kutoka Kampala. Katika ligi za chini kama ile yetu mambo haya ni ya kawaida: tajiri anayetaka timu yake ipande haraka haanzi kule chini kabisa na wenzake, ananunua nafasi ya timu iliyochoka, anaihamishia kwake, na baada ya muda jina la zamani linasahauliwa.

Wachezaji tulipata habari kabla ya Mama. Mnunuzi alikuwa amenipigia simu mwenyewe, akaniahidi mkataba, chumba, na mshahara wa kila mwezi. Nilifurahi. Nilikuwa na mtoto mchanga, na baba yangu alikuwa hanyamazi kuhusu kijana mzima anayekimbia na kaptura.

Mama alituita nyumbani, mimi na afande. Alitukaribisha viti, akatuletea chai, kisha akakaa mbele yetu mikono yake ikiwa imetulia mapajani.

"Mimi ninauza vitenge tangu ningali musichana," alisema. "Mutu akitaka kununua, ninamutandikia, anashika, anaangalia rangi. Sasa muniambie. Huyu wa Kampala anataka kununua nini?"

Afande alikohoa. "Timu, Mama."

"Timu iko nini? Uwanja iko ya bwana yangu?"

"Hapana. Uwanja ni wa shule."

"Wachezaji?"

"Mikataba yao inaisha pamoja na msimu."

"Zile jezi?"

Afande akanitazama. "Zile jezi, Mama," nikasema, "hata bure hazichukuliwi."

"Basi ananunua nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kinachouzwa ni nafasi yetu kwenye ligi, na jina lililoandikwa kwenye ile nafasi. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayetaja bei ya ajabu.

"Kumbe miaka yote ile bwana yangu alikuwa analipia jina," akasema. "Na hiyo jina iko ya nani?"

"Ni jina la Bwera, Mama."

"Nani alimuuzia?"

Sikuwahi kujiuliza. Ni afande aliyejibu, naye alijibu polepole, bila ile sauti yake ya kambini.

"Hakuna aliyemuuzia. Timu ilikuwepo tangu sisi vijana. Aliikuta imekwama, akaanza kuilipia. Ndivyo ilivyokuwa yake."

Mama akanigeukia. "Na wewe watakupeleka Kampala?"

"Wameniahidi, Mama."

"Unataka kwenda?"

"Nataka."

"Vizuri. Umesema kweli," akasema, akaniongezea chai.

Jumamosi ile akaja uwanjani. Katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kuja. Nilimwona wakati tunapasha misuli, amekaa kwenye ukingo wa nyasi katikati ya wanawake wa sokoni. Tulishinda kwa bao baya, mpira uliomgonga mtu mgongoni ukaingia, lakini lilikuwa bao. Jumatatu nilipopita kibandani kwake kumsalimia nikamuuliza ameuonaje mchezo. Alikuwa anakunja kitenge na hakuacha kukunja.

"Unamujua yule mwanamuke wa samaki? Na yule wa mafuta ya mawese? Nimegombana nao miaka juu ya maji ya mvua yanayopita kwenye vibanda. Hatusalimiani. Jumamosi mumoja alikaa huku, mwingine huku, tukamutukana refa pamoja."

"Refa alikosea nini, Mama?"

"Sijue. Wote walikuwa wanamutukana."

Akaniambia pia kwamba aliwaona wateja wake wa Kasindi, watu waliovuka mpaka siku ile wakiwa hawana cha kununua wala cha kuuza. Walikuja kuangalia tu.

Mnunuzi alipokuja hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa na majivuno, ili hadithi iwe nyepesi, lakini alikuwa kijana wa adabu. Alivua viatu mlangoni, akampa Mama pole ya msiba, akala bundu kwa mkono na akaomba kuongezewa. Shemeji alikaa karibu naye akitabasamu. Mimi na afande tulikaa ukutani.

"Jina litabaki?" Mama akauliza.

"Msimu wa kwanza litabaki, Mama. Baadaye tutaona."

"Na watu wa hapa wataangalia wapi?"

"Siku hizi mechi zinaonekana kwenye simu, Mama."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Wewe mutu muzuri," akamwambia. "Haukunidanganya. Lakini hiki kitu siwezi kukuuzia. Bwana yangu aliikuta hapa."

Shemeji akasimama. "Kama si yako, basi ni ya ukoo," akasema. "Karatasi zina jina la kaka yangu."

Basi likawa jambo la ukoo. Kikao kilifanyika uani pale pale, wajomba na mashangazi wakashuka kutoka Bwesumbu na Kinyamaseke. Sisi wawili tuliitwa kama mashahidi, tukaketi nyuma. Shemeji alizungumza vizuri, na sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa kweli. Alisema kaka yake alizamisha mali ya ukoo katika timu ile, kwamba sasa kuna mtu yuko tayari kuirudisha hiyo mali, na kwamba mjane hana ruhusa ya kuitupa. Watu wazima walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Nami niliyekuwa na chumba kinachoningoja Kampala nilikuwa naitikia kimoyomoyo.

Mama akauliza swali moja. "Munataka timu, ama munataka pesa yake?"

Wajomba wakatazamana.

"Kama iko pesa, chukueni lori. Lori munaijua bei yake. Timu muniachie."

Lile lori ndilo lililokuwa jicho la nyumba. Ghala lilikuwa la kupanga, kahawa ilikuwa imeuzwa kulipia matanga, na kila mtu alijua kwamba mjane mwenye lori ni mtu na mjane asiye na lori ni mwenye vitenge tu. Dada yake alimshika mkono akamnong'oneza sikioni. Mama akautoa ule mkono kwa upole, akaingia ndani, akarudi na funguo. Shemeji aliliendesha lori mwenyewe jioni ile kabla jua halijazama, na nilivyomwona hakuwa na furaha niliyoitegemea.

Nilifikiri Mama amerukwa na akili. Tulipokuwa tunatembea kurudi, nikamwambia afande hivyo.

"Jeshini nilifuata wakubwa ambao nisingewapa hata mbuzi wachunge," akasema. "Huyu mama ningemfuata."

Ijumaa iliyofuata tulikusanyika uani kama zamani, tukingoja tuambiwe pesa ziko njiani. Mama alisimama mlangoni.

"Pesa hakuna," akasema. "Haiko njiani. Haiko mahali popote. Mwenye amepata pahali pazuri aende, sitamukasirikia, na nitamupikia siku ya kuondoka. Mwenye atabaki, nitamutafutia kazi ya asubuhi, na jioni atacheza mupira."

Baadhi waliondoka, na kweli aliwapikia. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupata timu nyingine ya kununua, lakini alinipigia akasema nafasi yangu bado ipo. Nilikaa na ile simu mkononi. Siwezi kudai kwamba nilibaki kwa ushujaa. Nilitaka kuona itakavyokuwa, kama mtu anavyobaki kwenye ugomvi wa majirani ambao haumhusu. Baba yangu hakunisemesha kwa muda mrefu.

Alitupatia kazi wote. Wengine wakaenda kwenye mashine za kukoboa kahawa, wengine wakapakua mizigo sokoni. Mimi nilifundisha michezo kwenye shule yenye uwanja, na badala yake shule ikaacha kutudai kodi ya uwanja. Kipa wetu, Mkongo mwenye sauti nzito ya kanisani, akawekwa kwenye kibanda cha vitenge, na ndani ya mwezi alikuwa anauza kumshinda Mama. Wanawake walikuja kumsikiliza akitaja rangi.

Mechi za mbali tulikuwa tukilala huko siku moja kabla. Hilo likaisha. Tuliondoka alfajiri siku ile ile, tumebeba chakula kwenye ndoo, ndani ya gari linalopeleka samaki Kasese na kwingineko, ambalo mwenyewe alikubali kutuchukua kwa bei ya mafuta tu. Mara ya kwanza tulishuka uwanjani tunanuka kama wavuvi. Mashabiki wa wenzetu walishika pua. Afande akatuambia hajawahi kuona harufu ikifunga goli, tuingie tucheze. Siku ile tulitoka sare, na nadhani ile harufu ilitusaidia, kwa sababu mshambuliaji wao hakupenda kunikaribia.

Pesa zilipokuwepo alitugawia sawa, nahodha na anayekaa benchi. Zilipokosekana hakungoja Ijumaa. Alikuja mazoezini siku mbili kabla, na viatu vyake vya soko, akasimama kando ya mstari hadi afande apulize filimbi, akatuambia wiki hii hamna, mjipange. Basi tulijipanga. Ulikopa unga mapema, ukamwambia mwenye nyumba ukweli, ukalala. Sijawahi kulipwa kidogo kama mwaka ule, wala sijawahi kudanganywa kidogo kama mwaka ule, na niligundua kwamba hilo la pili lilikuwa na thamani kubwa kuliko nilivyodhani.

Lakini yeye alikuwa na wasiwasi wake. "Mimi nikikufa," alituambia, "shemeji atarudi. Na kama si shemeji, mutoto yangu. Watu beko vile." Akatuchukua mimi na afande mpaka Kasese kwa wakili. Wakili akamuuliza timu iandikwe kwa jina la nani.

"Andika Bwera."

"Mama, Bwera haiwezi kutia sahihi."

"Basi niambie nani anaweza."

Wakili, ambaye hadi hapo alikuwa anaangalia simu yake, akaiweka chini. Akamweleza habari za chama chenye wanachama: kila mwanachama ana kura moja, viongozi wanachaguliwa, na hakuna anayeweza kuuza peke yake. Mama alimfanya arudie sehemu ile ya kuuza. Kisha akarudi Mpondwe akaanza kupita kibanda kwa kibanda. Uanachama wa mwaka ulikuwa bei ya kitenge kimoja cha kawaida.

"Huu mchango ni wa nini?" watu walimuuliza.

"Sichangishi. Ninauza."

Mwanamke wa samaki alilipa wa kwanza. Wa mafuta ya mawese alipopata habari kwamba wa samaki amelipa, alilipa siku ile ile. Watu wa bodaboda walilipa. Wachuuzi wa Kasindi wakauliza kama mtu wa ng'ambo anaruhusiwa.

"Munakuja kuangalia?"

"Tunakuja."

"Basi mutalipa."

Shemeji naye akaja siku moja, mchana, watu wakiwa wengi. Wateja wakampisha. Alitoa pesa akiwa ameangalia pembeni. Mama akapokea, akampa kadi kama anavyompa mtu yeyote, akamwuliza watoto hawajambo. Alipokwenda, Mama akamwambia kipa aache kuduwaa, kuna wateja.

Ningependa kusema kwamba baada ya hayo tulishinda ligi. Tulishuka daraja. Mechi ya mwisho ilikuwa Kasese, tulihitaji ushindi, na hadi dakika za mwisho tulikuwa sare. Ukaja mpira wa kona, nikaruka na mshambuliaji wao, akaruka juu zaidi. Magoti yangu hayakuwa tena yale niliyofika nayo. Filimbi ilipolia nililala kwenye nyasi nikitazama milima, imejificha yote kwenye mawingu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyevua viatu. Kipa alikuwa amefunika uso kwa taulo. Mama akagonga mlango, akangoja tumjibu, akaingia. Alikuwa amekuja na gari la samaki pamoja nasi.

"Afande," akasema, "kushuka maana yake nini?"

"Maana yake mwaka ujao tunacheza ligi ya chini, Mama. Na timu za hapa karibu."

"Karibu wapi?"

"Kinyamaseke. Huku huku wilayani."

Akafikiri. "Basi usafiri itakuwa bei nafuu," akasema.

Alikuwa hafanyi utani. Ndiyo maana tulicheka, mmoja baada ya mwingine, hadi kipa akatoa taulo usoni na macho yake yakiwa mekundu. Mama alitutazama kama watu wasiojua hesabu. Kisha akatuambia tuoge, gari linangoja.

Sasa ninafundisha mpira kwa watoto mjini Kasese, na mwanangu yule mchanga ananishinda mbio. Baba yangu alinisamehe kabla hajafa, ingawa hakuwahi kukubali kwamba niliamua vizuri. Timu iko pale pale Bwera. Iliwahi kupanda, ikashuka tena. Ina madeni, kama timu zote, na madeni hayo husomwa kwa sauti mbele ya wanachama kila mwaka, mstari kwa mstari, watu wakiguna.

Kila mwaka mimi hulipa ada yangu na kuteremka kwenda mkutanoni. Mwaka huu Mama alileta hoja. Alitaka kiingilio cha mechi kipandishwe, ili uwanja uzungushiwe ua. Alieleza vizuri, na mimi nilikubaliana naye. Mwanamke wa samaki akasimama akapinga. Alisema wapo wazee wasioweza hata kiingilio cha sasa, na ua utawafungia nje watu wale wale waliokuja timu ilipokuwa haina kitu. Mikono ikahesabiwa, na hoja ya Mama ikashindwa. Mama akaomba ihesabiwe tena. Ikahesabiwa tena, na safari hii hata afande, mzee sasa, mwenye fimbo, alikuwa ameinua wa kwake upande ule mwingine.

Nilimsindikiza hadi kibandani. Alitembea kwa hasira, mkoba ukimpiga nyongani, na watu waliomsalimia aliwajibu kwa mkato. Alifungua kibanda, akaketi, akavuta pumzi.

"Wamenikataa," akasema.

"Wamekukataa, Mama."

Mteja mmoja alikuwa amesimama akipapasa kitenge cha kijani. Mama alimwacha apapase.

"Bwana yangu hawakumukataa hata siku moja," akasema. Hasira ikawa inamtoka usoni polepole. "Hawangeweza. Hawakuwa na kura."

Kisha akamgeukia yule mteja akamtajia bei, na hakuipunguza.